Jicho la Fundi Vigae

Mashine ilikikataa kidole gumba changu mara ya tatu.

"Baba, hivi ulishawahi kuwa na alama za vidole kweli?" akauliza karani, binti mwenye miwani.

"Nilizaliwa nazo, mwanangu. Nimezimalizia kwenye sakafu za watu."

Mimi ni fundi vigae, mwaka wa thelathini huu. Saruji hula ngozi polepole, haina haraka. Mabaki yenyewe, jana mama watoto aliyasugua kwa jiwe la miguu, eti nisimtie aibu ofisini. Yakaenda na maji ya beseni.

"Nilitaka kusaidia," akaninong'oneza mwenyewe, ameketi kando yangu.

"Umesaidia. Sasa nikiiba hawanipati."

Hakucheka. Binti yetu anaolewa ng'ambo mwezi ujao. Bila alama hakuna pasipoti, na miadi nyingine hapa ni baada ya harusi.

"Kwa hiyo mimi si mtu?" nikamuuliza karani. Nilitaka kujua hasa.

"Ni mtu. Mashine humtambua mtu kwa mwili wake, na mwili una mengi: uso, sauti, mboni ya jicho. Kidole ni kifungua mimba tu, ndiyo maana watu hudhani hana wadogo zake."

Nikainamisha kichwa kuwaza, macho yakatua sakafuni. Loo!

"Vigae hivi niliviweka mimi."

"Umejuaje?"

"Funga mlango, uone nyuma yake. Wenzangu kipande kilichokatwa hukimalizia dirishani. Mimi aibu yangu naificha mlangoni."

Akainuka, akafunga, akachungulia. Kilikuwepo, chembamba kama biskuti. Akacheka, akatoa kamera ndogo kwenye droo ya meza.

"Basi tumjaribu mdogo wake kidole. Tumbua macho, baba."

Tumbua gani! Vumbi la miaka yote hiyo limenifundisha kukonyeza kila kitu. Kamera ikagoma mara mbili. Mke wangu akasogea, akanishika kope kwa vidole viwili.

"Jicho hili," akamwambia karani, "nilipokuwa napita kwao kuchota maji halikuwa linafumba hata kidogo."

Taa ikawaka kijani.

Kwenye fomu, mahali pa vidole, karani akaandika: havisomeki. Nikamwomba aongeze: vimesuguliwa na mwenye mali. Nikakanyagwa mguu chini ya meza.

Tulipofika nje nikamwambia, "Mama watoto, mpaka harusi ipite, jiwe lako lisikaribie uso wangu."