Mstari wa Chini ya Barua

Kiherehere alipanda ngazi mbili mbili, viatu mkononi, maana habari aliyokuwa nayo isingemngoja afunge kamba. Watu elfu arobaini! Wiki mbili nyuma walikuwa elfu tisa tu. Njiwa, ile programu ya barua pepe aliyoitengeneza na wenzake tangu wakiwa chuoni, wakaigawa bure, ilikuwa imeshika kasi ajabu. Na yote kwa sababu ya mstari mmoja alioutunga yeye, unaojibandika wenyewe chini ya kila barua inayotumwa.

"Mamdogo! Mamdogo wee, kaa chini kabla sijakwambia!"

Mamdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu ana meno ya utoto, alikuwa amekaa tayari. Cherehani ilikuwa kimya. Gauni la bibi harusi lilikuwa limelala mezani na mkono mmoja tu.

"Bibi kazidiwa huko hospitalini?" Kiherehere akauliza, furaha ikimshuka.

"Yuko vilevile. Anapasuliwa keshokutwa, na kila nikienda anamuulizia mwanawe." Akamsukumia simu. "Soma. Kimya kimya."

Habari ya Mjomba nyumbani kwao ilikuwa kama jino bovu, haiguswi. Miaka sita Mamdogo na kaka yake hawajasemeshana, tangu siku dada mtu alipomtolea maneno mbele ya wageni. Sasa Bibi, mama yao, alipolazwa, Mamdogo akaamua kuomba radhi. Aliandika barua kama anavyokata kitambaa: kwanza kwenye karatasi ya vipimo, anafuta, anapima tena, siku nne nzima. Ndipo akainakili kwenye simu, ndani ya Njiwa aliyowekewa na Kiherehere mwenyewe, na Ijumaa akaituma.

"Kaka, nilikukosea, na nilijua nakukosea. Mama anapasuliwa Alhamisi. Njoo akuone. Kama huwezi kunisamehe, njoo hivyo hivyo."

Chini yake, kwa herufi za rangi ya machungwa: "Nimeandika hii chapchap kwa Njiwa, tena bure! Jaribu nawe ufurahi!"

Jibu la Mjomba lilikuwa limeingia asubuhi ile, Jumanne, likiirudisha barua nzima pamoja na mstari ule. "Miaka sita, halafu unaniomba radhi chapchap, tena na matangazo. Haya, endelea kufurahi."

"Hayo ya chini sikuandika mimi," Mamdogo alisema. "Nimekaa hapa najiuliza kama naanza kurukwa na akili."

"Hujarukwa." Kiherehere akairudisha simu mezani. "Niliandika mimi."

Mamdogo hakufoka, na afadhali angefoka.

"Kumbe mimi ndio ukuta wako wa kubandikia matangazo. Haya, msomi. Kamwambie mjomba wako."

Simu za Mamdogo Mjomba hapokei, za Kiherehere hupokea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kama umetumwa na fundi, nakata."

"Sijatumwa. Kuna barua pepe nimekutumia sasa hivi, hebu ifungue."

Mjomba akaifungua. "Haina kitu hii. Mnanichezea?"

"Shuka chini kabisa."

Pumzi zilisikika kwenye simu. "Nimeandika hii chapchap," Mjomba akasoma taratibu.

"Inajibandika yenyewe, hata barua ikiwa tupu. Anayetuma haoni, anaona anayepokea. Maneno ni yangu, Mjomba. Mamdogo barua yake aliiandika siku nne."

"Na hukumuuliza kabla ya kumtia maneno mdomoni?"

"Hakuna tuliyemuuliza."

"Mnao watu wangapi?"

Nusu saa nyuma angeipigia kelele idadi ile dirishani. Sasa aliitaja kwa sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya mwalimu mkuu. Mjomba akakata simu, bila kusema anakuja wala haji.

Kiherehere akampigia Profesa, mkubwa wa kikundi chao, aliyebatizwa hivyo kwa upara uliomuwahi.

"Nataka ule mstari utoke leo."

"Mama, umelogwa? Tunawapa kitu bure! Mstari mmoja tu, watu watatujuaje?"

"Anayetaka kutusifu auweke mwenyewe."

"Watu watapungua."

"Wapungue."

"Si wewe uliyeutunga, ukazunguka na kiti ofisi nzima ukijipigia makofi?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nauondoa mimi."

Walivutana mpaka sauti zikakauka, na jioni mstari ukatoka. Lakini barua iliyokwisha kwenda hairudishwi. Kiherehere aliwaza waliokuwa wameomba kazi, walioachana, waliopeana habari za msiba, wote wakimwambia mtu afurahi. Akakaa akawaandikia watumiaji wote kuwaomba radhi, na kwa mara ya kwanza hakutia utani hata kidogo.

Alhamisi asubuhi Bibi alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, wanamsukuma, Mjomba alipotokea mwisho wa korido ya hospitali na vumbi la safari. Nesi alisimama kidogo. Bibi akampapasa mwanawe shavu.

"Umekonda," akasema. Wakampitisha, na mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Mjomba na Mamdogo wakakaa benchi moja, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Barua ilifika Ijumaa, Kiherehere alihesabu akiwa amesimama ukutani. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku zote hizo Bibi angekuwa na mwanawe, wakazungumza mpaka wachoke.

"Njoo ukae," Mjomba alimwambia bila kumtazama, akionyesha ile nafasi ya katikati.

Akakaa. Wakaungoja mlango.