Bastola ya Shemeji kwa Daktari wa Meno

Shemeji yangu, mume wa dada, anauza vigae vya bafuni, lakini anataka aitwe Kamanda. Hajawahi kuwa askari hata wa kulinda geti. Tangu apate kibali cha bastola anatembea mikono imeachana na mbavu kama mwenye majipu kwapani, na kila akija kula kwetu lazima atueleze atakavyowafanya majambazi.

"Mimi simsubiri mtu anipore," anasema, mchuzi ukimtoka mdomoni. "Namlaza."

Siku alipomlaza mtu nilikuwepo.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kamanda alikuja asubuhi shavu limevimba, akaanza kulia kabla daktari hajamgusa. Akachomwa ganzi, akaachwa chumba cha ndani na kitambaa cha plastiki shingoni. Mapokezi tulikuwa wawili: mimi na mama mmoja mshonaji, aliyefuata meno yake ya bandia.

Akaingia mwanamume na kisu cha jikoni.

"Simu tu, dada. Sina ugomvi."

Nikampa yangu. Mshonaji naye akampa yake, akamwambia kwa upole, "Chukua, mwanangu, uende."

Akazitia mfukoni, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akashika kitasa. Yalikuwa yamekwisha.

Ndipo mlango wa ndani ukapigwa teke. Kamanda huyo, bastola mikono miwili, udenda unachuruzika kwenye kitambaa.

"Fimama hafo! Lafa shini!"

Mwizi akanigeukia. "Anasemaje?"

Kwa kweli hata mimi sikujua. "Shemeji, acha, anaondoka!" nikapiga kelele. Daktari, nyuma yake, naye akamwambia aache. Kamanda akafyatua. Risasi ilimpita mwizi mbali, ikampata mshonaji juu kidogo ya kiwiko. Mwizi akatoka mbio na simu zetu zote mbili. Kamanda akaitazama damu, akazimia, na ikabidi tumruke ili tumfikie mama wa watu.

Mshonaji hakufa. Mfupa ulivunjika, na hospitali wakamwambia vidole viwili havitakunjika vizuri tena. Mkono wa kulia, ule wa mkasi.

Mtaani ilivuma hadithi nyingine kabisa. Majambazi walikuwa watatu, wana bunduki, na Kamanda kawatimua peke yake. Kinyozi akamnyoa bure. Alipokwenda kumwona mgonjwa, nilikuwa kando ya kitanda, nikamsikia kwa masikio yangu: "Mama, mshukuru Mungu nilikuwepo." Mama akageukia ukutani.

Kisha dada akanijia nyumbani.

"Polisi wakikuuliza, sema mwizi alikuwa ameinua kisu. Hilo tu."

"Alikuwa ameshika kitasa, dada."

"Kwa hiyo shemeji yako angekaa tu, anawaangalia mkiporwa?"

"Ndiyo, angekaa. Simu zinauzwa dukani. Mkono unauzwa duka gani?"

"Ni baba wa wanangu."

"Najua. Nawahurumia."

Akalia, na yeye nilimhurumia kwelikweli. Mumewe, hata chembe. Polisi niliwaambia nilichokiona, na daktari vilevile. Kamanda akanyang'anywa bastola na kibali, na kesi bado inaendelea. Bado anakuja kula kwetu, maana dada ni dada. Anasema watu wa siku hizi hawana shukrani, kisha anaomba aongezewe nyama.

Jumamosi naenda kwa mshonaji kumkatia vitambaa. Yeye anaelekeza, mimi nakata upogo, ananisema mpaka nacheka. Juzi Kamanda alinipa salamu nimpelekee.

Sikuzifikisha.