Kikombe Kilichobaki Kimejaa

Wateja wa tatu walitoka ndani ya nyumba ile kwa mwendo wa watu wanaokimbia mvua. Mke aliziba pua kwa ncha ya mtandio. Mume alisimama kidogo getini, akamgeukia dalali aliyekuwa akiwafuata huku akitabasamu kwa nguvu.

"Dada, usituelewe vibaya. Nyumba ni nzuri. Ila kuna kitu kimekufa humo ndani."

Hakuna kilichokufa. Hilo ndilo lililomkera dalali. Panya aliyekufa angetupwa, habari yake ikaisha. Harufu ile ilikuwa ya vitu vilivyo hai: mafuta ya kukaangia yaliyoganda ukutani na kuota vumbi kama manyoya, matambara ya kupangusia yasiyokauka mwaka mzima, godoro walilolilowesha wajukuu likakunjwa likiwa bichi. Harufu hiyo hukupokea mlangoni, ikakukaa kooni, na jioni ukivua nguo unakuta umeibeba mpaka kwako.

Kosa lilianzia kwenye simu. Mwenye nyumba alikuwa shangazi yake dalali, dada wa baba yake, na dalali alimwambia kwa upole wote, "Shangazi, wateja wanakuja. Ondoa ondoa vitu, nyumba ionekane wazi." Shangazi akaondoa. Vyote vilivyokuwa njiani akavishindilia kwenye makabati ya vyumbani. Kisha akapangusa sebule, ambayo tangu zamani iling'aa peke yake, na sofa zake zilizovikwa nailoni tangu siku ziliponunuliwa. Wateja walipofika akawakalisha, akawamiminia juisi, akaamini shughuli imekwisha. Mke alipoomba kuona vyumba, Shangazi alicheka akidhani anataniwa. Mwanamke akaenda, akafungua kabati la chumba cha nyuma, na kabati likamtapikia miguuni: godoro, viatu vyenye ukungu, sufuria lenye masalia ya mchuzi, na mende waliotawanyika kila mmoja na njia yake.

Sasa wateja wameondoka, na Shangazi alikuwa akimimina chai huku anafoka.

"Mwanamke yule hana adabu hata chembe. Kabati la watu linafunguliwa hivi hivi?"

"Shangazi, yule hakuja kututembelea. Amekuja kununua. Kabati nalo analinunua."

"Hata anayenunua alilelewa na mtu!"

Dalali alivuta kiti, akaketi. Kwa watu baki ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe. Aliwaambia waziwazi: choo chako kinanuka, bafu lako lina nywele, mpangaji wako ana mbwa na mbwa ana kazi yake nyuma ya kochi. Watu walinuna, wakasugua, wakauza. Lakini huyu alimlea yeye tangu mama yake alipofariki. Mikono ile ilimfulia nepi. Unaanzaje kuiambia kwamba ni michafu?

Na nyumba lazima iuzwe. Magoti ya Shangazi yamekataa ngazi. Asubuhi hushuka kutoka ghorofani kwa makalio, kipandio kwa kipandio, kama mtoto anayejifunza. Kuna kijumba cha chini anachotaka kukinunua, ukuta kwa ukuta na kwa binti yake, na mwenye kijumba amekubali kumsubiri mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi.

"Siku hizi watu wanapenda nafasi," dalali alijaribu. "Tungetoa zulia, tukapaka rangi nyepesi, madirisha yakafunguliwa..."

"Nafasi ipo. Wewe unaniona nimebanwa? Kunywa chai."

Kikombe kilikuwa mbele yake. Ukingoni kilikuwa na mstari wa kahawia usio wa chai ya leo. Juu ya chai yalielea macho madogo ya mafuta, yakimtazama. Dalali alizungusha kijiko, akakizungusha tena, akakiweka.

"Leo pia unaumwa tumbo?" Shangazi aliuliza.

"Eeh?"

"Siku ya kumzika mume wangu ulikuwa na dawa isiyopatana na chai. Ulipokuja kuniona nimetoka kulazwa hospitali, ulikuwa umeshiba. Leo una nini?"

"Shangazi, mimi..."

"Kunywa."

Dalali alijikaza kisabuni. Akainua kikombe, na kabla hakijagusa midomo harufu ya tambara bovu ikampanda puani. Akatoa mlio wa kichefuchefu ambao hakuna namna ya kuusingizia kikohozi.

Shangazi alimtazama. Kisha akakichukua kikombe, akaenda nacho dirishani, akakigeuza taratibu kwenye mwanga, kama anayekiona kwa mara ya kwanza.

"Na wanangu?" aliuliza bila kugeuka. "Wanaponiletea wajukuu wakiwa na chupa zao za maji. Ni hili?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kukataa kulala hapa?"

"Ni hili."

"Mmekaa mkanisengenya."

"Hatukusema kitu. Kila mmoja aliona haya."

"Haya!" Alilitema neno lile kama kokwa. "Mliona haya kuniambia, hamkuona haya kuniacha nioze! Na mimi nilidhani mmenichoka. Nakaa hapo juu usiku najiuliza nimewakosea nini. Kumbe ni vikombe!"

Alimwaga chai dirishani. "Haya, wewe dalali. Nifanyie kama unavyowafanyia watu baki. Usinipake mafuta."

Basi dalali alifanya kama desturi ya kazi yake. Akamtoa nje, akafunga mlango, akamwambia apige hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na kuingia kama mnunuzi. Shangazi aliingia akinusa. Jikoni walivuta jiko la gesi, na ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi, unanata, umepambwa kwa mabawa ya mende. Shangazi alishika sinki, akatapika.

"Nilikuwa napikia hapa," alisema, akijipangusa. "Mungu wangu. Nilikuwa nalisha watu."

Kazi ilikuwa ya kukwangua kabla ya kusugua. Binti yake alikuja na mashoga zake wawili, wakakwangua kwa visu vibutu, maji yakatoka rangi ya lami. Godoro lilichomwa. Kilichomchoma Shangazi zaidi kilikuwa sebuleni: walipochana nailoni, sofa zilizotunzwa miaka yote zilikuwa zimeota ukungu kwa ndani, mweusi na wenye unyevunyevu kama kinywa. Hakulia. Alisema tu, "Toeni. Yote." Sebule ikabaki na viti viwili na dirisha wazi.

Mteja wa nne alikuwa mwenye duka la dawa, mtu wa kukunja pua kwa kazi yake. Alifungua kila kabati. Akayakuta matupu, meupe, yananukia chokaa. Akapanda, akashuka, akaomba maji. Shangazi akamletea, akayanywa yote pale pale akiwa bado anaangalia dari.

"Mama, usimwoneshe mtu mwingine," alisema. "Kesho naja na kaka yangu tuandikiane."

Dalali alimgeukia Shangazi wafurahi pamoja, lakini Shangazi hakuwa akimwangalia mteja wala hakumsindikiza. Alikuwa anamimina chai. Aliiweka mbele ya dalali, akaketi, akakunja mikono.

Kikombe kilikuwa kile kile. Mstari wa kahawia haukuwepo. Dalali alikinusa bila kujificha: kilinuka dawa ya madoa, kali mpaka machoni. Akanywa. Akanywa tena mpaka kikabaki kitupu, akakilaza ubavu kwenye kisahani ili kionekane.

"Vipi?" Shangazi aliuliza.

"Inanuka dawa. Na sukari haijatosha."

Shangazi alisogeza bakuli la sukari.

"Ona," alisema. "Hujafa kwa kusema."