Mlango wa Ngome

Msusi alipomaliza kichwa cha mwisho alasiri ile, alifagia nywele, akafungua kompyuta katikati ya mafuta na vitana. Alikuwa anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, na mchezo wake wa kwanza ulikuwa umemkwamia. Mchezaji alifika ngomeni na ufunguo, mlango ukamkatalia. Akaja na taa, ukamkatalia vilevile.

Mdogo wake, aliyefariki mwaka jana wakati wa mvua, aliingia, akavua viatu, akaketi chini ya mashine ya kukaushia nywele. Tumbo lake lilikuwa bado kubwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Marehemu akainamia kompyuta. "Sharti lako ndilo bovu. Umeandika *and*, kwa hiyo mlango unataka ufunguo na taa, vyote kwa pamoja. Andika *or*, kimojawapo kitatosha."

Msusi akabadilisha neno hilo moja. Mlango ukafunguka.

"Hata mimi pale geti la hospitali kadi ya kliniki nilikuwa nayo," mdogo mtu akasema, akijipapasa tumbo. "Mlinzi akataka kadi na msindikizaji. Nikakupigia simu, hukupokea. Nadhani mashine hii ilikuwa inanguruma."

Mwaka mzima msusi alikuwa ameambiwa kwamba mdogo wake alichelewa kufika.

Asubuhi hakufungua saluni, alikwenda getini. Mlinzi alimsikiliza vizuri tu, hata akampisha kiti chake.

"Pole sana, mama. Lakini mimi nafuata nilivyoambiwa. Kadi na msindikizaji."

Ofisini walimwambia hayohayo, kwa upole zaidi.

Alasiri mdogo wake hakuja peke yake. Alikuja na mzee aliyejishika kifua na mama mwenye mtoto mgongoni, wote waliofia pale getini. Wakapokezana kompyuta, wakaingia ngomeni, wakatoka, wakaingia tena. Wateja wakajibana kwenye benchi.

"Na hawa wanasuka?" mmoja akauliza.

"Hapana, wanacheza tu."

"Basi mimi nianze."

Siku hizi wanakuja kila alasiri, na benchi la pili limeongezwa. Jana aliingia binti mmoja mgeni, kadi mkononi, akauliza kama ndipo hapa. Msusi akampa mkono kumkaribisha. Tofauti na mikono ya wale wengine, wa yule binti ulikuwa bado una joto.

"Ndipo," akamwambia, akamsogezea kiti.