Mkono Sikioni

Mzee Breki hakuwahi kuipenda serikali, na serikali, kwa jinsi alivyoona yeye, haikuwahi kumpenda. Waliochimba barabara wakaiacha na mashimo hawakushitakiwa. Waliojenga kona ile ya sokoni, kona kipofu ambayo lori likigeuka halioni hata ng'ombe, walipandishwa vyeo. Aliyefungiwa leseni ni yeye, aliyepitisha matofali kwenye kona hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, bila kukwaruza hata kuku.

Kosa, walisema, ni kuongea na simu huku anaendesha. Askari wa barabarani alimwona mdomo unacheza, mkono uko sikioni. Alipomsimamisha na kudai simu, mzee akasema hana. Askari akasema ameificha. Mamlaka ya leseni ikamfungia mwaka mzima. Mzee akakata rufaa, na leo alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, binti yake mkubwa pembeni.

"Baba," binti alinong'ona, "ulikuwa unaongea na nani?"

"Na shetani."

"Nakuuliza vizuri, Baba. Kama kuna mama mwingine, sema tu. Kaka ameshasema yeye hana neno."

"Kumbe mmeshakaa kikao! Na bibi harusi mmeshanichagulia?"

"Sema basi ni nani. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, na nilichozaa ndicho hiki kinachonisumbua tangu asubuhi."

Alijua vizuri alikuwa anaongea na nani. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa utingo wake. Alikaa kushoto, akilinda upande ambao dereva haoni. Sauti yake ilikuwa ndogo na injini ina domo, kwa hiyo kila kona mzee aliuliza, kisha akakinga sikio kwa kiganja kupokea jibu. Mama watoto alipofariki, kiti kilibaki kitupu, lakini mdomo uliendelea kuuliza na mkono ukaendelea kukinga. Na jibu lilikuja. Au lilikuwa kama linakuja; tofauti hiyo yeye haikumhangaisha.

Lakini nenda kaliseme hilo mbele ya serikali! Watu waliotia saini kwamba barabara ile imekamilika watashindwa kutia saini kwamba mzee ana wazimu? Leseni ingekwenda moja kwa moja. Chakula angepata, watoto wasingemwacha. Ila nyumbani mkewe alikuwa amenyamaza kabisa. Alikuwa amebaki ndani ya lori tu.

Wakaitwa. Hakimu alikuwa mama mmoja aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, na juu yake feni ikilia kama mlango mbovu. Wakili wa mamlaka, kijana mwenye tai ya kujinyonga, alimsimamisha askari, naye akaeleza: mdomo hivi, mkono hapa.

"Mzee," hakimu akauliza, "ulikuwa unaongea na nani?"

Mzee akamtazama binti yake. La kuvunda halina ubani.

"Na mke wangu, mheshimiwa."

Wakili akaruka. "Mheshimiwa, amekiri!"

"Tulia. Mkeo alikuwa wapi, mzee?"

"Kwenye kiti chake, kushoto kwangu."

"Mheshimiwa," askari akasema, "kile kiti kilikuwa kitupu."

"Ndiyo," mzee akasema. "Alishafariki."

 Binti akaziba mdomo kwa mtandio.

"Ulikuwa unamwambia nini?" hakimu akauliza.

"Namuuliza kushoto kuko vipi. Ana sauti ndogo, mheshimiwa, ndiyo maana ya mkono."

Hakimu akashusha miwani. "Kaa kwenye kiti kile cha ukutani, nionyeshe."

Mzee akakaa. Akashika usukani usiokuwepo, akakanyaga klachi, akapunguza gia. "Mama watoto, kushoto vipi?" Kiganja kikapanda sikioni, kimekunjuka, hakina kitu. Akasubiri. Akatikisa kichwa kukubali, akakata kona. Alishasahau yuko wapi.

"Askari, ndivyo ulivyomwona?"

"Hivyo hivyo, mheshimiwa. Hata kichwa alitikisa."

"Na simu uliiona?"

Askari akatazama buti zake. "Niliona mkono, mheshimiwa."

Mzee alikuwa amemwandalia matusi ya kimoyomoyo, ikabidi ayameze. Ukweli kutoka kwenye sare hakuutarajia.

Wakili hakukubali. "Lakini mheshimiwa, mtu anayeongea na marehemu, akili yake..."

"Wewe gari lako likigoma kuwaka huliongeleshi?" hakimu akamkatiza.

Chumba kizima kikacheka, askari naye.

"Sheria inakataza simu," hakimu akasema. "Mke haikumtaja. Rufaa imekubaliwa, arudishiwe leseni. Lakini mzee, mikono miwili kwenye usukani. Mkeo akiwa na neno, apaze sauti."

"Hajawahi kunipazia sauti, mheshimiwa."

"Basi tafuta utingo mwenye sauti."

Kesho yake asubuhi, binti alipanda kushoto bila kuombwa. Walipokaribia kona ya sokoni mzee akapunguza gia. Kiganja kilimwasha, lakini hakukitoa kwenye usukani.

"Kushoto vipi?"

"KUKO WAZI, BABA!"

Muuza mafagio kando ya njia akageuka.

"Mbona kelele? Mimi kiziwi?" mzee akafoka.

"Amri ya mahakama."

Akakata kona, taratibu, matofali yakitulia nyuma. Binti akauliza, akitazama mbele, "Na yeye amesemaje?"

"Amesema umekalia mto wake."

Binti akainuka haraka, akauchomoa mto, akaukung'uta vumbi, akaupakata. Mbele wakaangukia lile shimo la siku zote, lori likaruka, na mzee akaanza kuwatukana wakubwa wote, mmoja baada ya mwingine, kwa raha zake, mikono yote miwili kwenye usukani.