Halbadiri ya Matumbawe

Kosa la Rai lilikuwa mdomo. Mwezi wa nne mwaka wa tisini na nane alizamia kutafuta pweza kama alivyofanya siku zote, akaibuka, akakimbilia kwenye banda la wavuvi pale Msambweni, akasema: "Jamani, matumbawe yanageuka rangi!" Angefyata ulimi, angejiokolea mengi.

Aliyoyaona yalikuwa kweli tupu. Maji yalikuwa na joto hata chini, huko ambako kwa kawaida baridi huuma masikio. Matumbawe aliyoyajua toka utotoni, ya rangi ya udongo na majani makavu, yalikuwa yakiwaka zambarau, buluu na manjano, rangi za kanga mpya dukani. Rai alifurahi, masikini. Alidhani ni neema. Baada ya siku kumi rangi zote zilikuwa zimekwenda na mwamba mzima umebaki mweupe kama chokaa, mpaka jicho linapokoma. Vijisamaki vilizunguka juu yake visijue pa kujificha.

Nyavu zikaanza kurudi tupu, na Alamin, mwenyekiti wa wavuvi, akakumbuka ni nani aliyekuja na habari.

"Wa kwanza kuona ndiye wa kwanza kujua," alisema bandani, watu wote wakisikia. "Sasa yeye alijuaje?"

Watu walicheka, lakini kicheko chao hakikuwa na kheri. Kila mmoja alikuwa akifikiria utupa. Huo ni mmea. Majani yake hupondwa yakamwagwa kwenye vidimbwi vya mwamba maji yakitoka, samaki wakalewa na kuelea. Ni njia ya wavivu, na Msambweni ilikatazwa zamani. Babake Rai alishikwa nao mara moja, miaka ishirini nyuma, akatozwa mbuzi, akasamehewa. Mbuzi akishaliwa watu husamehe. Kusahau ni jambo jingine.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alimalizia Alamin.

"Utupa hauui jiwe, Bwana Alamin," Rai alimjibu, damu ikimchemka. "Na mwamba wote huu, ningeupondea majani ya shamba gani?"

"Wewe ndiye utuambie."

Wakaamua isomwe halbadiri, ile dua ya kumshtakia Mungu mhalifu asiyejulikana. Sheikh wa msikiti alikataa katakata. Alisema dua ile si fimbo ya kumpigia jirani, na kwamba joto la bahari lina Mwenyewe. Basi wakatafuta msomaji wa mbali asiyewajua, na msomaji wa mbali hakosekani. Ijumaa akasoma. Jina la mtu halikutajwa. Alamin akaweka sharti: atakayepatwa na jambo mwilini mwake kabla ya Ijumaa ya pili, huyo ndiye aliyeiharibu bahari, na ataondoka Msambweni asirudi. Watu wakaitikia amin. Rai aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na wote walikuwa wakimtazama yeye.

Mtu mmoja tu hakumtazama. Huyo alikuwa Kitsao, Mgiriama aliyekuja kutoka pande za Takaungu miaka kumi nyuma, na ambaye kazi yake ilikuwa kuishika ngalawa Rai akiwa chini. Kitsao hakuwa Muislamu, na halbadiri haikumtisha. Alamin alimtisha, na hapo alionyesha akili kuliko wengi.

"Twende mwamba wa nje," Rai alimwambia Jumanne. "Kule utupa haufiki, hata uponde msitu mzima. Nikikuta matumbawe ya kule nayo ni meupe, nitawaletea tawi waone hii si kazi ya binadamu."

Walikwenda. Kule nje palikuwa peupe vilevile. Rai alizamia na gunia, na ili apate mkono wa kuvunjia tawi akakiacha ngalawani chuma chake cha pweza. Alivunja tawi, akalitia guniani, akageuka apande juu. Hapo akaona jambo ambalo hajawahi kuliona katika miaka yote ya kuzamia.

Pweza alikuwa amejibanza kwenye tundu. Naye amegeuka mweupe, afanane na jiwe lililomzunguka. Mkunga mnene, samaki yule mrefu kama nyoka, alikuwa amemng'ang'ania mguu. Alipoona haukatiki, yule mkunga alijipinda mkia, akajifunga fundo mwili wake mwenyewe kama kamba, akalisukuma fundo lile mpaka usoni mwa pweza, akavuta. Mguu ukang'oka. Rai alisahau pumzi. Alisahau Alamin na siku zake saba. Pweza yule alikuwa mkubwa, watoto hawakuwa wamekula kitoweo tangu Jumamosi, na kila mvuvi anajua kwamba tunduni huingia chuma, mkono hauingii. Akatia mkono.

Mkunga aliufunga mdomo kwenye kiganja chake.

Kitsao ndiye aliyemvuta ngalawani. Aliutazama mkono uliochanika, akautazama ufuo kwa mbali, akachana shati lake na kuufunga.

"Mimi sikuona kitu," alisema Kitsao.

Jioni hiyo Rai, mkono wa kulia umefichwa mfukoni mwa koti, alimwekea Alamin tawi jeupe miguuni. "Hili latoka mwamba wa nje. Nani aliyeupeleka utupa huko?"

Alamin hakuinama hata kulishika. "Kumbe sumu yako imefika mpaka huko," alisema.

Kufikia Alhamisi mkono ulikuwa umevimba, vidole havikunjiki. Yusra, mkewe, aliukanda kwa maji ya chumvi huku analia kwa hasira. "Mficha maradhi kilio kitamfichua, Rai. Wataka nikuzike kwa ajili ya maneno ya Alamin?" Lakini hospitali ya Msambweni ilikuwa machoni pa kila mtu. Akaenda Ukunda, kwenye zahanati ndogo nyuma ya maduka, asikojulikana.

Kwenye benchi alimkuta Alamin, mguu mmoja umeviringwa shuka, umekuwa mnene kama shina la mgomba. Alikuwa amekanyaga samaki wa miiba ya sumu, wale wanaojifanya mawe.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Rai, na hajawahi kuitoa shikamoo yenye uchungu kama ile.

"Marahaba." Alamin alitazama ukutani. "Wewe hukuniona."

"Nawe hukuniona."

Wakakaa bega kwa bega, wanachukiana, mpaka muuguzi alipowaita. Rai alirudi nyumbani na dawa, na moyo umetulia. Leo hakuna utulivu anaouonea haya kama ule.

Ijumaa, baada ya sala, wavuvi walikusanyika bandani kusikia hukumu. Siku saba zilikuwa zinakwisha, na hakuna aliyekiri hata kujikuna. Rai aliuweka mkono mfukoni mwa kanzu. Alamin alisimama ameegemea nguzo, uzito wote mguu mmoja. Ndipo Kitsao, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, alipoanza kutetemeka. Meno yakagongana, akaanguka mchangani, akatapika. Malaria tu, mwezi ule wa mvua nusu ya Msambweni ilikuwa nayo. Ila wengine waliuguzwa nyumbani, yeye aliangukia mahali pasipofaa.

"Halbadiri imesema," alitangaza Alamin.

"Ni malaria!" Rai alipiga kelele.

"Malaria imetumwa. Mgeni tumemkaribisha, tumempa bahari, malipo yake ndiyo haya. Mpakieni vitu vyake."

Wanaume wawili walimshika Kitsao makwapani. Alimtazama Rai mara moja, macho mekundu kwa homa. Neno moja tu lingemtoa yeye na kumwingiza Rai, lakini hakulisema. Alifumba mdomo, kama alivyoahidi siku ile ngalawani. Na kufumba kule ndiko kulikomwasha Rai. Aliona haya na hasira vikimpanda pamoja, akautoa mkono mfukoni na kuing'oa bendeji.

"Tazameni! Mkunga ameniuma Jumanne. Nimeuficha mkono siku tatu. Na mwenyekiti wenu ana mguu uliooza, nimekaa naye benchi moja Ukunda jana. Mwambieni ainue kanzu! Mwambieni!"

Rai aliwatazama mmoja mmoja. Huyu aliuvuta mkono wa shati ukafunika kiwiko. Yule alirudisha nyuma unyayo. Wa tatu alikuwa na kitambaa shingoni siku ya jua kali. Akaelewa: bahari ilikuwa imewauma wote wiki ile, na wote walikuwa wamenyamaza. Hakuna aliyethubutu kuutazama mguu wa mwenzake, kwa kuogopa kutazamwa wake.

"Mmemsikia," alisema Alamin polepole. "Amekiri kwa mdomo wake. Basi ni wawili."

Na wote wakaitikia kwamba ni wawili.

Jumapili asubuhi waliondoka na ngalawa kuelekea kusini. Kitsao alilala chini, homa imepungua. Rai aliongoza kwa mkono wa kushoto. Yusra angefuata na watoto wakishapata pa kukaa. Shimoni kuna bahari, Rai alijiambia, na watu wa bahari hujuana. Chini yao mwamba ulipita mweupe, mweupe, saa baada ya saa.

Walipofika Shimoni, ufuo ulikuwa mtupu. Mwanamke mmoja tu alikuwa anaparua samaki juu ya jiwe, na kutoka msikitini zilisikika sauti za wanaume wengi wakisoma kwa pamoja.

"Karibuni, wageni."

"Ahsante, mama. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mwanangu. Wanasoma halbadiri. Kuna mtu ametutilia sumu baharini, matumbawe yote yamekuwa meupe. Wasema ni mtu wa kuja." Kisu chake kikasimama. Alimtazama Kitsao aliyejifunika gunia, kisha akamtazama Rai.

"Na huo mkono umefanya nini?"