Mkono Nyuma ya Deraya

Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari la deraya, bisibisi ndogo kaibana kwa meno, akikaza kamera ya mwisho kwa ile kubwa. Asubuhi ilikuwa imeshapamba moto na bati la karakana lilikuwa linalia kwa jua. Ndani ya deraya, kwenye kiti cha dereva, Koplo alikuwa anamsomea kilichoonekana kwenye skrini.

"Mbele safi," alisema. "Kushoto safi. Kulia naona mapipa ya oili na yule paka wa jikoni."

"Nyuma je?"

Koplo akakohoa.

"Nyuma nako safi. Ila yupo Trafiki."

Fundi alitoa bisibisi mdomoni, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akaingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye kona ya chini ya skrini alimwona mumewe, ambaye walimzika mwaka jana, amesimama kati ya deraya na ukuta wa karakana. Alikuwa amevaa ovaroli yake yenye kiraka gotini, kiraka alichokishona Fundi mwenyewe, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu, kiganja wazi.

"Amekonda," Koplo alisema.

"Ni lenzi. Inarefusha watu."

Alitoka nje kuangalia. Palikuwa na ukuta tu na lile bonde, matofali yaliyobonyea tangu mwaka jana, kimo cha kifua cha mtu. Akarudi ndani, mumewe yupo. Basi akaisogeza kamera kidogo ili miguu nayo ionekane, akafunga kisanduku chake cha vifaa, akaenda kwenye deraya iliyofuata, maana kazi ilikuwa bado mbichi.

Mtu aliyekaa ndani ya deraya haoni kitu, na hilo lijulikane mapema. Dereva ana kijidirisha cha kioo kizito kisichotosha hata kupitisha sahani, na kinamwonyesha mbele tu. Anayesimama kwenye tundu la juu anaona mbali sana lakini haoni kilicho miguuni pa gari lake. Kwa sababu hiyo kila kambi huwa na mwongozaji, askari anayetembea kwa miguu na kuielekeza deraya kwa mikono. Kwenye kambi hii sheria ilikuwa moja na ilifundishwa siku ya kwanza: mwongozaji akiinua mkono gari linasimama, awe ndani nani. Mumewe Fundi aliwahi kumsimamisha jenerali mzima juani mpaka kuku na vifaranga wake wakavuka taratibu. Ndiyo siku alipopewa jina la Trafiki, na yule jenerali alicheka sana.

Meja hakuwa mtu wa kucheka. Mwaka jana alikuja mpiga picha wa kalenda ya kikosi, na Meja akapanda kwenye tundu la juu, kifua mbele, miwani ya jua usoni. Mpiga picha akasema gari lisogee nyuma kidogo, bendera haiingii kwenye picha. Koplo, chini kwenye usukani, akangoja amri. Meja, kidevu juu na meno nje, akasema kwenye kipaza sauti: "Rudi nyuma, kweupe." Shingo hakuigeuza. Koplo akatia rivasi. Trafiki alikuwa nyuma, mgongo ukutani, mkono juu.

Tume ilikaa, ikanywa chai, ikasema marehemu alisimama mahali asipoonekana. Koplo aliulizwa alisikia amri gani, akatazama viatu vyake na kusema hakumbuki. Alikuwa na watoto, na Meja ndiye aliyekuwa akipanga nani abaki kazini na nani aende nyumbani. Picha ilitoka nzuri. Ilitundikwa kwenye korido ya ofisi kuu, na kila aliyepita pale na kikombe chake alimwona Meja akitabasamu, na ukingoni, nyuma ya moshi, kiganja cha mtu. Wote walikiona. Waliendelea na chai yao.

Ndipo zikaletwa kamera, ili walio ndani wawaone walio nje. Meja ndiye aliyetoa hotuba. Kazi ya kuzifunga akapewa Fundi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa fundi umeme wa kambi, na aliyempa kazi hakuona ajabu yoyote.

Fundi hakutaka rambirambi tena, alizipata za kutosha. Alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kwa chuki iliyokuwa inamwamsha kabla ya baragumu: Meja asimame mbele ya kikosi aseme kwa mdomo wake, "Nilisema rudi nyuma, kweupe." Mama mkwe wake alikuwa hapiti sokoni bila kusikia watu wakinong'ona kwamba mwanawe alikufa kwa uzembe, eti alikwenda kusimama nyuma ya gari kama mtoto. Bibi yule alikuwa anarudi nyumbani na kikapu kitupu, anaketi, anatazama mlango.

Kamera zilipokwisha kufungwa, Trafiki alionekana kwenye skrini zote, na alifanya kazi kuliko alivyofanya akiwa hai. Alizitoa deraya karakanani moja baada ya nyingine, njoo, njoo, kata kulia, basi. Nguzo hazikugongwa tena. Paka wa jikoni alilala popote alipotaka. Madereva walizoea kumsalimia asubuhi wakiwasha mitambo, na mmoja aliyekuwa na adabu zaidi alimwamkia shikamoo. Makao makuu wakaandika kwamba mtambo umefanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa.

Ila Meja akiwa ndani, Trafiki aliinua mkono na hakuushusha.

"Mbona umesimama?" Meja aliuliza siku ya kwanza.

"Mwongozaji ameinua mkono, afande," Koplo akajibu.

Meja aliinama, akaitazama skrini. Hakushtuka, alikereka tu, kama mtu aliyekuta foleni benki.

"Mwambie aushushe."

"Haambiliki, afande. Ameshakufa."

"Basi tia rivasi, twende."

Koplo aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Nilishamgonga mara moja, afande. Sirudii."

Ndani ya deraya kulikuwa na askari wengine wawili. Walisikia, wakaanza kukagua kamba za buti zao. Meja naye alisikia. Akasema, "Basi twende mbele," na wakaenda mbele.

Tangu siku hiyo Meja akawa mtu wa mbele tu. Gari lake dogo la kazini nalo lilikuwa na kamera ya nyuma, na Trafiki alikuwamo. Siku moja alilipaki mbele ya duka la vitambaa, pua mlangoni, akashindwa kutoka, na askari wakaitwa kulibeba mikononi mkewe Meja akiwa ndani na vifurushi vyake, amekasirika kupita kiasi. Meja akaamuru kamera ifunikwe kwa plasta. Fundi akaifunika vizuri, tabaka juu ya tabaka, na Trafiki akaonekana kwa karibu zaidi, hata mistari ya kiganja ikasomeka. Akaamuru kamera ing'olewe. Ikang'olewa, na kwenye kioo cha ubavuni, pale pale kwenye vumbi la kioo, ukatokea mkono.

Kambi ikajipanga. Ilichongwa barabara ya mzunguko ili Meja asihitaji kugeuza. Nyumba yake ikatobolewa ukuta wa nyuma na kutiwa lango la pili, aingie huku atokee huku, katikati ya kamba za nguo. Hakuna aliyeuliza kwa nini, wala aliyepelekwa kumwuliza Meja kitu. Waashi walifanya kazi yao.

Jioni, Fundi akirudi, mama mkwe alikuwa ameshapakua.

"Leo amesimama wapi mwanangu?"

"Nyuma ya Meja, mama."

"Anamkazia?"

"Anamkazia kweli kweli."

"Hajachoka mkono?"

"Hajachoka."

"Na jua hili! Amevaa kofia?"

"Ameivaa, mama."

"Vizuri. Kula, mkwe wangu, chakula kinapoa."

Na Fundi alikula. Mwaka mzima alikuwa anatafuna chakula kama anatafuna pamba, lakini siku gari la Meja lilipobebwa pale dukani aliramba hadi sufuria. Tusimwonee. Aliyefiwa kwa dharau ana haki ya kufurahi kidogo.

Ikafika siku ya ukaguzi. Mkuu wa Majeshi alikuwa ameketi jukwaani kwenye uwanja wa gwaride, upande wa pili wa ukuta wa karakana, na deraya zilipaswa kutoka kwa lango la kushoto, kuzunguka, na kumpitia mbele. Meja alikuwa gari la kwanza. Yule mpiga picha wa kalenda alikuwa amerudi. Meja akapanda kwenye tundu la juu, kidevu juu, meno nje, akasema kwenye kipaza sauti, "Mbele." Shingo hakuigeuza.

Koplo alikwenda mbele. Hakuambiwa akate kushoto, na hakukata. Alikwenda polepole, kwa utiifu, mpaka pua ya deraya ikagusa ukuta, pale pale kwenye bonde. Kisha akazima injini na kukunja mikono. Nyuma, kwenye skrini, Trafiki alisimama mkono juu, na nyuma yake kikosi kizima kikiwa kimesimama mstari, jua linawachoma.

Bendi uwanjani ikapiga wimbo wake, ikaumaliza, ikaurudia.

"Fundi aitwe," Meja alisema.

Fundi akaja, akasimama chini ya deraya, bisibisi mfukoni. Ilibidi Meja ainamishe uso ili amwone, na huo ulikuwa mwanzo mzuri.

"Mwondoe mumeo," Meja alisema.

"Siyo mimi niliyemweka pale, afande."

"Sina muda wa utani. Mkubwa anangoja."

"Yeye pia alingoja. Sema yale maneno, atashusha mkono mwenyewe."

"Maneno gani?"

"Unayajua. Hata manne hayazidi. Sema kwa sauti hawa wakusikie, halafu urudi nyuma, upite langoni kama watu."

Kikosi kizima kilisikia. Koplo naye alisikia, na kwenye kijidirisha chake macho yake yalionekana yamelowa. Meja aliutazama ukuta uliokuwa mbele ya pua yake. Lile bonde lilikuwa na umbo la kifua na bega moja, na upande wa juu, mahali mkono ulipokuwa, matofali hayakuguswa. Alifungua mdomo. Fundi aliona ulimi ukisogea, na moyo ukamruka, akaona leo ndiyo leo, leo mama atakwenda sokoni kichwa juu.

Meja akameza mate.

"Ripoti ilishafungwa," alisema. Kisha akainua kidevu. "Vunjeni ukuta."

Nyundo zikaletwa, na kwa kuwa wavunjaji walikuwa wengi na matofali yalikuwa yameshalegea, haikuwa kazi kubwa. Bonde lilianguka la kwanza. Koplo alingoja amri, akaipata, akaendesha. Deraya ikatokea uwanjani katikati ya vumbi, Meja juu yake ameganda kwa saluti, na Mkuu wa Majeshi akasimama jukwaani na kupiga makofi. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba huyu ndiye ofisa anayemtaka, mtu asiyejua kurudi nyuma. Watu walishangilia. Koplo alihamishiwa kambi ya mbali jioni ile ile, akaondoka na familia yake na godoro moja.

Meja akawa Kanali. Picha ya kwenye korido ikakuzwa ipendeze na cheo kipya, na kwenye fremu mpya ule ukingo wenye kiganja haukuenea. Ukuta haukujengwa tena. Palitiwa lango, na siku hizi anayepita hapo hawezi kuonyeshwa kitu. Ripoti inasema ilivyosema, na sokoni wananong'ona walivyokuwa wakinong'ona.

Fundi alirudi nyumbani na tofali moja kwenye mfuko wa kazi, lile la juu, lililosalimika. Mama mkwe akalipangusa, akaliweka kuzuia mlango usijifunge.

"Hakusema?"

"Hakusema, mama."

"Alikaribia?"

"Alifungua mdomo."

Bibi alifikiri.

"Amebakiwa na kuta mbele yake?"

"Kuta zipo tele, mama."

"Basi na aende. Kula, mkwe wangu."

Kanali alipopewa gari jipya, Fundi ndiye aliyeitwa kulifungia kamera. Alichuchumaa nyuma ya bampa, bisibisi ndogo menoni, akakaza skrubu moja moja bila haraka. Kanali alikuwa ameketi ndani, mikono magotini, anatazama mbele. Alikuwa amezeeka shingo.

"Yupo?" aliuliza bila kugeuka.

Fundi alizunguka hadi dirishani, akaangalia skrini. Mumewe alikuwa na vumbi la matofali mabegani na kwenye kofia, na mkono ulikuwa juu.

"Yupo, afande."

"Basi twende mbele," Kanali alimwambia dereva.

"Subiri kidogo," Fundi alisema. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akarudi nyuma ya gari, akaipangusa lenzi taratibu, pembe zote, mpaka mumewe aonekane vizuri.